Gari Limevutwa Texas: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karibu kila Jumapili baada ya ibada hapa Houston kuna mtu ananivuta pembeni, na mara nyingi habari yenyewe ni ya kuvutwa. Mama wa Kikongo aliyefika miezi mitatu iliyopita ameamka akakuta gari halipo. Kijana wa Kisumu amelipa mamia ya dola yadini, pale wanapohifadhi magari yaliyovutwa, na hajui kwa nini. Mimi si wakili. Ni mtu ambaye gari lake liliwahi kuchukuliwa, akakasirika, akakaa chini akaisoma sheria, na tangu hapo ameshawasindikiza wengine mahakamani. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa, na majibu yake yanahusu Texas. Ukiwa Dallas, Fort Worth, Abilene au Amarillo, sheria ya jimbo ni ileile, ingawa mji wako unaweza kuongeza masharti yake.

Nimetoka nje, gari halipo. Limeibiwa au limevutwa?

Tafuta bango kwanza. Tembea mpaka kwenye lango la maegesho, usome namba ya simu iliyoandikwa pale, upige. Sheria inataka namba hiyo ipokelewe saa 24. Kama hakuna bango au hakuna anayepokea, piga namba ya polisi isiyo ya dharura, si 911, uwatajie namba ya gari. Yadi inayopokea gari lililovutwa bila ridhaa ya mwenyewe inapaswa kuwaarifu polisi ndani ya saa mbili, kwa hiyo wao huwa nalo kwenye kumbukumbu zao. Kama ndiyo kwanza limechukuliwa, subiri kidogo upige tena.

Na kabla hujaondoka hapo, piga picha. Piga bango, piga nafasi uliyoegesha, piga lango lote kutoka upande wa barabara kama dereva anavyoliona anapoingia. Kama hakuna bango, piga picha za mahali ambapo lingepaswa kuwa. Mimi sikupiga. Nilikimbilia yadini nikagombana dirishani kwa saa nzima na kijana ambaye hana mamlaka yoyote, na nilipokuja kujua kuwa kesi yangu ingesimama juu ya lile bango, muda ulikuwa umekwisha.

Nimewakuta wanalifunga minyororo. Je, wanaweza kuondoka nalo?

Inategemea wamefika wapi. Kama gari bado halijafungwa kikamilifu, dereva wa breki dauni, yaani lori la kuvuta magari, anapaswa kukuachia bila kukutoza hata senti. Kama limeshafungwa kikamilifu, yaani limenyanyuliwa na minyororo ya usalama imewekwa, lakini bado liko ndani ya eneo lile, una haki ya kulipa ada ya kuachiwa papo hapo, ambayo katika viwango vya jimbo ni karibu nusu ya ada kamili. Lazima upewe nafasi hiyo. Likishatoka barabarani, safari ni ya yadini.

Neno la Kiingereza watakalolitumia kwa ada hiyo ni «drop fee». Likariri, kwa sababu ukisema hilo neno dereva anajua kuwa unaijua sheria. Omba risiti. Washa kamera ya simu, simama mbali kidogo, zungumza polepole. Usirukie ndani ya gari wala usilale mbele ya breki dauni. Nimeona mtu mzima akifanya hivyo, polisi wakaitwa, na kilichokuwa tatizo la maegesho kikageuka kitu kingine kabisa.

Bango halali linakuwaje?

Hapa ndipo kesi nyingi hushindwa au hushinda, kwa hiyo nitakaa kidogo. Sura ya 2308 ya Texas Occupations Code, sheria ya jimbo inayosimamia kazi hii, inaeleza bango mpaka kwa inchi. Liwe na upana wa angalau inchi 18 na urefu wa inchi 24. Liwe limefungwa kwa kudumu juu ya nguzo, ukuta au kizuizi, si kibao cha kuegemeza leo na kuondoa kesho. Ukingo wake wa chini usiwe chini ya futi 5 wala juu ya futi 8 kutoka ardhini. Liwekwe pale magari yanapoingilia, lisomeke mchana na usiku. Liwe na ile alama ya kimataifa ya gari linalovutwa, liseme nani anaruhusiwa kuegesha na kwamba wengine wote hawaruhusiwi, liwe na maneno «Towing Enforced», na liseme kuwa gari lisiloruhusiwa litavutwa kwa gharama ya mwenyewe. Mwisho, namba ya simu yenye msimbo wa eneo.

Tena bango liwe lilikuwepo kwa saa 24 kabla ya gari kuvutwa. Bango lililopigiliwa asubuhi haliwezi kulichukua gari lililoegeshwa jana yake.

Ukienda na futi ya fundi cherehani ukapima, hakuna atakayekucheka mahakamani. Namfahamu mtu aliyepiga picha ya bango lililofunikwa na tawi la mti, majani yameficha nusu ya maandishi. Hakimu aliiangalia ile picha kuliko alivyomsikiliza mwakilishi wa kampuni.

Kuna hali ambazo bango halihitajiki. Ukiziba njia ya magari, lango au njia ya zimamoto, au ukiegesha nafasi ya walemavu bila kibali, usitegemee hoja ya bango kukuokoa. Vilevile kama mwenye eneo alikwishakuambia wewe mwenyewe waziwazi kuwa hapa huruhusiwi.

Nimevutwa nyumbani kwangu, ninapolipa kodi kila mwezi. Inawezekanaje?

Inawezekana, na ndiyo malalamiko ninayoyasikia kuliko yote, hasa kwenye majengo yale ya ghorofa mbili tatu ambako familia nyingi zetu zinaanzia maisha. Mkataba wako wa upangaji una kanuni za maegesho ndani yake au zimeambatanishwa mwishoni, zile kurasa tunazosaini bila kusoma tukifurahia kupewa funguo. Humo mna habari za stika ya kioo, namba ya nafasi na kibali cha mgeni.

Lakini mwenye nyumba naye amefungwa. Akitaka kubadilisha kanuni za maegesho katikati ya mkataba, anapaswa kukupa taarifa ya maandishi angalau siku 14 kabla. Karatasi iliyobandikwa jana kwenye chumba cha kufulia ikisema kuanzia kesho lazima stika mpya haitoshi.

Usajili wa gari umeisha muda. Je, hilo pekee linatosha kunivuta?

Kwenye eneo la fleti zako, mwenye eneo hawezi kuliondoa gari lako kwa sababu tu stika ya usajili imepitwa na wakati, mpaka akupe taarifa ya maandishi ya siku 10 kwanza. Ukiona karatasi kwenye kioo, usiichane. Ipige picha pamoja na tarehe, kisha nenda ukalipie usajili. Siku 10 hukimbia.

Barabara ya umma ni habari nyingine. Kule polisi wana mamlaka yao, na gari bovu lenye umri wa zaidi ya miaka mitano likiachwa zaidi ya saa 48 linaweza kuhesabiwa kuwa limetelekezwa. Ile tabia ya kununua gari la kukarabati taratibu na kuliweka barabarani mpaka tupate injini, huku haiendi.

Niende yadini na nini?

Kitambulisho chenye picha kilichotolewa na serikali, na kitu kinachoonyesha kuwa gari ni lako: hati ya umiliki, karatasi ya usajili, au kadi ya bima yenye jina lako. Shida ya kawaida ni kwamba karatasi zenyewe zimo ndani ya gari. Hapo kuna kifungu kizuri: yadi lazima ikuruhusu kufungua kisanduku cha dashibodi au mahali pengine ndani ya gari unapoweka hati ili uchukue zinazothibitisha wewe ni nani. Omba kwa utulivu, na wakikataa andika jina la aliyekataa na saa.

Kama gari liko kwa jina la shemeji aliyeko Kentucky au mjomba aliyerudi Bujumbura, barua ya kiwakili iliyothibitishwa na mthibitishaji wa nyaraka husaidia. Ipo pia fomu ya kiapo ya TDLR ya kudai haki ya kumiliki na kutumia gari. TDLR ni Texas Department of Licensing and Regulation, idara ya jimbo inayotoa leseni kwa kampuni za kuvuta magari na kwa yadi. Utaikuta tena chini.

Yadi inayopokea magari usiku kucha inapaswa pia kuyaachia usiku kucha, ndani ya saa moja tangu uwaarifu. Jibu la «rudi Jumatatu» lisikubalike kirahisi, kwa sababu kila siku ina bei yake.

Watanitoza nini?

Ada ya kuvuta, ambayo ina kikomo cha jimbo au cha mji. Kisha ada ya kuhifadhi kwa siku, dola ishirini na kitu kwa gari la kawaida. Gari likikaa chini ya saa 12 wasikutoze zaidi ya siku moja, hata kama usiku wa manane ulipita katikati. Huu ndio ujanja wa zamani: gari linaingia saa tano na nusu usiku, unalichukua saa moja asubuhi, risiti inasema siku mbili. Hesabu saa, uwaonyeshe.

Halafu kuna ada ya kulitunza gari, ambayo wanaweza kuidai tu kama walifanya kazi yenyewe, mathalani kukagua na kuorodhesha vilivyomo, kufunga milango na madirisha, na risiti ieleze walifanya nini. Na ada ya taarifa isiyozidi dola 50, ambayo ni gharama ya kukutumia barua. Ukilichukua gari ndani ya saa 24 hakuna barua ya kutumwa, basi hakuna ada hiyo.

Viwango vya ada vinapaswa kubandikwa yadini. Vipige picha pia.

Wanasema keshi tu.

Hapana. Yadi lazima ikubali keshi, kadi ya benki na kadi ya mkopo. Kadi ina faida nyingine, inaacha alama. Ukilipa keshi bila risiti yenye maelezo kamili, mahakamani utakuwa unasimulia hadithi.

Kwa nini nilipe wakati wameniibia? Nikikataa mpaka haki itendeke?

Najua inavyouma. Lakini gari linapokaa yadini, ada ya kila siku inaendelea kuongezeka, na hakimu hawezi kukusikiliza kesho asubuhi. Lipa, chukua gari, andika kwenye risiti kuwa umelipa huku ukipinga, kisha dai fedha zako. Kulipa hakukunyimi haki ya kudai. Kama kweli huna fedha, bado unaweza kuomba kusikilizwa gari likiwa yadini, ila fanya hivyo siku hiyohiyo.

Kabla hujatoka langoni lizunguke gari. Bampa, magurudumu, gia, chini ya injini. Mkwaruzo ukiuona ukiwa nyumbani watasema ulikuwapo.

Nadaije fedha zangu?

Unaomba kusikilizwa kwenye Justice Court, mahakama ndogo ya kaunti ambayo gari lilivutiwa. Swali ambalo hakimu anaamua ni moja: je, palikuwa na sababu ya kutosha ya kuliondoa gari? Kama bei ilizidi kiwango, hilo pia linaweza kuamuliwa.

Muda ndio unaowaangusha watu wengi. Ombi liwasilishwe kabla ya siku ya 14 tangu gari lipelekwe yadini, bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu za kisheria. Yadi inapaswa kukupa maelezo ya maandishi kuhusu haki hii pamoja na jina na anwani ya kampuni iliyovuta na ya mwenye eneo. Ikiwa hawakukupa, siku hizo hazianzi kuhesabiwa, lakini usijenge nyumba juu ya hoja hiyo. Peleka ombi wiki ileile.

Ndani ya ombi weka jina lako, anwani na simu, mahali na tarehe gari lilipochukuliwa, majina na anwani za waliohusika, nakala ya risiti kama ulilipa, na picha za mabango. Kama hapakuwa na bango, andika sentensi moja ukisema hivyo. Sheria yenyewe inadai hilo, ndiyo maana nilikusumbua na picha tangu mwanzo. Kuna ada ndogo ya kufungua shauri. Usiye na uwezo unaweza kujaza fomu ya kiapo ya kutomudu gharama za mahakama, nayo iko kwenye dirisha la karani.

Shauri linasikilizwa ndani ya siku 21 tangu mahakama ipokee ombi. Kiingereza kikikupiga chenga, omba mkalimani kwa maandishi siku unapofungua, utaje Kiswahili, na kama ni Kiswahili cha Uvira au cha Lubumbashi sema hivyo, kwa sababu mkalimani wa Mombasa na mama wa Kalemie wanaweza kupotezana katikati ya sentensi. Usimpeleke mwanao wa darasa la sita akutafsirie.

Nikishinda napata nini? Nikishindwa je?

Ukishinda, mahakama inaweza kuagiza urudishiwe ada ya kuvuta na ya kuhifadhi, gharama za mahakama, hata gharama ya zile picha. Kuna pia kifungu kikali zaidi: kampuni au mwenye eneo aliyevunja sheria kwa makusudi, akijua, au kwa kutojali anaweza kudaiwa dola 1,000 pamoja na mara tatu ya ada alizokutoza. Hiyo ni kesi nzito zaidi, na kwa hiyo tafuta msaada wa kisheria wa bure katika kaunti yako.

Ukishindwa, hakimu anaweza kukuamuru ulipe gharama za upande wa pili. Kwa hiyo kama uliegesha mbele ya bomba la zimamoto, kaa nyumbani.

TDLR inanisaidia nini basi?

Inapokea malalamiko bure na inaweza kuiadhibu kampuni au kuinyang'anya leseni. Breki dauni halali ina namba ya cheti cha TDLR ubavuni. Ambayo haina, hilo lenyewe ni lalamiko. Lipo pia jambo ambalo wapangaji hulishuku sana, kwamba meneja wa fleti anapewa kitu kwa kila gari linalovutwa. Ikiwa ni kweli, ni kosa, kwani mwenye eneo haruhusiwi kupokea fedha kutoka kwa kampuni ya kuvuta wala kuwa na maslahi ndani yake. Lakini malalamiko TDLR hayasimamishi zile siku 14. Fanya yote mawili.

Nimepata ajali na breki dauni imefika kabla ya polisi.

Usisaini kitu. Gari likivutwa kwa amri ya polisi, bei ina kikomo. Ukisaini kuwa umekubali mwenyewe, bei inakuwa ile mliyopatana, au ile uliyoisaini bila kuisoma. Piga simu kwa bima yako kwanza, uliza kama unalipiwa huduma ya barabarani, na uulize gari linapelekwa wapi kabla halijainuliwa.

Gari ni la mkopo na nimechelewa malipo miezi miwili.

Basi huenda hukuvutwa kwa ajili ya maegesho. Mkopeshaji anaweza kulichukua gari bila amri ya mahakama, mradi asivunje amani: asivunje kufuli la gereji, asitishe, asilazimishe wakati umesimama pale unakataa. Sheria ya maegesho haihusiki na mabango hayakusaidii. Vitu vyako vya ndani bado ni vyako, vidai haraka kwa maandishi.

Gari ni bovu. Nikiwaachia tu?

Watakutumia barua, kisha barua ya pili, na baada ya hapo wanaweza kuliuza kwa mnada. Wakati huo ada zinajikusanya kwa jina lako. Chukua vitu vyako, na kama hulitaki zungumza nao mapema kuhusu kuwakabidhi hati ya umiliki, mkubaliane kwa maandishi kuwa hawakudai.

Nahamia California. Ni hivyohivyo?

Wazo ni lilelile, namba zinatofautiana. Kule ukirudi gari likiwa limeshafungwa lakini halijatoka eneoni, ada haizidi nusu ya ada ya kawaida. Bango liwe inchi 17 kwa 22, yadi iwe ndani ya maili 10, na anayekutoza kupita kiwango anaweza kudaiwa mara nne. Usibebe hoja za Texas kwenda nazo kwa hakimu wa Oakland.

Tuna harusi Jumamosi na wageni wanatoka Arizona na Iowa. Wapaki wapi?

Nenda ofisi ya fleti Alhamisi, si Ijumaa jioni, uombe vibali vya wageni kwa maandishi, na jina la aliyekupa. Ofisi ikisema «hakuna shida, waegeshe tu» bila karatasi, mwombe akutumie ujumbe wa simu unaosema hivyo. Magari yasiyopata nafasi yaende kwenye barabara ya umma isiyo na kibao cha kukataza. Halafu teua kijana mmoja asiyecheza muziki sana, mpe orodha ya namba za magari, azunguke nje kila nusu saa. Akiona taa za njano zinawaka langoni, ampe MC namba ya gari aitangaze kwenye kipaza sauti, hata kama keki inakatwa.